Povu la Tela na Fimbo ya Mama

Benchi lile liliegemea ukuta wa gereji, mguu wake mmoja umewekewa kipande cha tairi lisiyumbe. Asubuhi hiyo walilikalia wanaume watatu na birika moja la kahawa. Breki, dereva mstaafu, alikaa katikati kwa sababu habari ilikuwa yake. Nyuma ya uzio lilisimama tela lake la mizigo, bati tupu, magurudumu yameng'olewa, na humo ndimo alimoishi mama yake. Bibi alikuwa amekula chumvi nyingi, na magoti yake yalishagoma kupanda ngazi za chumba cha mwanawe juu ya gereji. Kitanda kilimtosha, mlango ulimtosha, ila mchana bati lilimwivisha. Breki alikuwa hali akashiba kwa kuliwaza hilo. Kesho yake fundi angekuja kulipulizia povu.

— Povu la sabuni? — aliuliza Kinyozi.

— Sabuni ya nini, bwana! Dawa mbili zinachanganywa, zinapulizwa ukutani, zinaumuka, zinakauka. Joto la bati linakomea hapo hapo.

— Hata friji zina povu hilo tumboni, — alidakia Injinia, ambaye alitengeneza friji zilizokufa, na nyingine alizoziua mwenyewe. — Ndiyo maana ubaridi hautoroki.

— Kwa hiyo unamtia mama kwenye friji?

— Friji isiyo na mota.

— Basi sikilizeni, — alisema Kinyozi. — Nyama ndani ya friji haiharibiki upesi, sivyo? Mama naye hatazeeka tena. Wewe Breki utamfikia umri, utampita, mwisho yeye ndiye atakayekushika mkono kukuvusha barabara.

— Acha utani, — alisema Injinia, uso mkavu. — Hatari ni kipimo. Dawa ikizidi, povu halijui kusimama. Linajaza chumba, linatokea dirishani, linaishika gereji.

— Na mafuriko je? Povu halizami! Tela litaelea na mama kitandani, mtaa mzima tunampungia.

Breki alicheka mpaka kahawa ikampalia. Alimwona kabisa mama yake akiwapungia na yeye, kilemba kichwani, akiwakemea wasisimame kwenye maji. Alimpenda mama huyo kupita maneno, na kwa kuwa maneno yalimshinda, alikuwa ameamua kumpulizia povu.

— Nimemwambia fundi asiache hata upenyo, — alisema akijifuta mdomo. — Kuta zote, dari yote. Asisikie jua, asisikie mvua, asisikie nyundo za gereji. Alale kama mtoto.

Wakati huo akafika mwanamke mmoja fundi cherehani, aliyehamia chumba cha nyuma wiki iliyopita, kikombe mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Kaa.

Hakukaa. Alilitazama tela.

— Samahani mzee Breki. Ile fimbo yake, bibi ataigonga wapi?

Kila alfajiri bibi alipoamka, na jioni kabla ya kulala, aliligonga bati kwa fimbo, ko, ko, ko, na Breki alishuka ngazi viatu havijafungwa. Walikuwa wameizoea sauti hiyo hata wakaacha kuisikia. Mgeni tu ndiye bado ilimwamsha.

— Kengele ya umeme, — alianza Injinia.

— Anachomoa kila kinachochomekwa, — alisema Breki.

— Simu basi.

— Ameifunga kwenye leso, chini ya mto. Anasema anaitunza isichakae.

Injinia aligonga paja lake kwa kifundo cha kidole, taratibu.

— Povu ni kama godoro, — alisema kwa sauti ndogo. — Halitatoa mlio.

Kinyozi aliinamisha birika. Yalitoka mashapo tu, na hakuna aliyeagiza jingine. Breki alihisi moyo umemshuka hadi kwenye soksi.

Kesho yake mama alipelekwa kushinda kwa shangazi, na kabla fundi hajawasha mashine, Breki aliingia na gazeti na gundi. Akafunika kipande cha bati kando ya mto, ukubwa wa sinia.

— Mzee, hapo joto litaingia, — alisema fundi ndani ya barakoa yake.

— Liingie.

Harufu ilipokwisha bibi alirudishwa, akapapasa kuta, akasema chumba kimenenepa. Jioni hiyo kijiwe kilikaa bila ubishi. Kinyozi alishika kikombe kwa mikono miwili kisigonge sahani. Nyundo za gereji zilikuwa zimenyamaza.

Ko, ko, ko.

Breki alikwishainuka, kahawa yake imebaki benchini.

— Anataka maji? — aliuliza fundi cherehani.

— Hataki kitu, — alisema Breki, macho yamemlowa na hakuyaficha. — Anauliza kama nipo.

Akavuka uzio kwenda kumjibu.