«Miss» si Kupoteza: Mutoto Wangu wa Kalengera

Wamama na wapapa, asante kwa kunipa nafasi. Sauti ikinikatikia, munivumilie, kwani hii habari ingali inaniuma.

Vita ilitukuta kijijini kwetu Kalengera, tukivuna maharagi. Bwana yangu alienda kufungua mbuzi, hakurudi. Nikashika barabara ya Goma na watoto wawili: mudogo mugongoni, na dada yake wa miaka sita nikimushika mukono. Bomu ikaanguka karibu, watu wakasukumana. Nilipogeuka, musichana hayuko. Niliita mupaka koo ikakauka.

Kwenye kambi ya wakimbizi ya Munigi, karibu na Goma, aliyetupokea ni kijana muzungu wa shirika la musaada, asiyejua Kiswahili wala Kifaransa. Mutafsiri wake alikuwa amepeleka wagonjwa hospitali. Mimi kwetu nilisoma Kiingereza kidogo, basi nikajikaza: «I miss my daughter.» Ndugu zangu, kichwani mwangu nilikuwa nasema, nimemukosa mutoto wangu, amepotea! Kijana akanishika bega, macho ikamulowana.

«I know, mama,» akasema. Najua, mama. Akanipa blanketi.

Kesho yake nikarudia neno lile lile. Akanihurumia tena. Nikawaza: basi wanamutafuta. Nikakaa kungoja, hata mutafsiri aliporudi sikumuuliza.

Wiki zikapita. Mvua ilipenya shitingi tuliyofunikia kibanda, mudogo alikohoa. Nikaanza kuamini wameona maiti yake, wanaogopa kuniambia. Nawaambia kweli, nilimuomba Mungu anichukue na mimi.

Siku moja, kwenye foleni ya maji, nikamusimulia mama mumoja, mukimbizi kama mimi, aliyefundisha Kiingereza Rutshuru.

«Ulimuambia neno gani?»

Nikamutajia. Akatua bidoni yake ya maji chini.

«Mama wee! Hiyo ni hamu. Ulimuambia una hamu na mutoto, kama vile yuko salama kwa bibi yake, au amekufa umemulilia. Kupoteza ni “lost”. Hakuna mutu anayemutafuta!»

Nikaacha bidoni yangu palepale. Akanishika mukono, tukaenda kwa yule kijana, mwalimu akamueleza. Kijana akakaa chini, akashika kichwa. Kisha akaanza kupiga simu, moja baada ya ingine.

Mutoto wangu alikuwa Himbi, mutaa wa Goma, kwenye nyumba wanakopokea watoto waliopotea. Muda wote huo, karibu tu na mimi! Aliponiona hakukimbia. Aligeukia ukuta.

«Mama, juu ya nini haukukuya kunichukua?»

 Mupaka leo anaamka usiku akiuliza vile. Na baba yake, hatujasikia lolote.

Namushukuru yule mwalimu, na wamama wa Himbi waliomulisha na kumusuka nywele. Hata kijana namushukuru: alinililia bila kunielewa, lakini alipoelewa hakulala.

Ndugu zangu, ukiulizwa juu ya mutu wako aliyepotea, sema kwa luga unayolilia. Na kama hakuna wa kutafsiri, sema, onyesha kwa mikono, kisha umuombe yule mutu akurudilie, hata kwa mikono, kile alichoelewa. Usitoke pale kabla hajakurudilia.