Askari wa Msalabani Aje Akandike

Wamama wa Bungoma, mmeniita kutoka Kitale nije nimshukuru Mungu. Nitamshukuru. Lakini hasira ndiyo itatangulia, mnivumilie.

Nilikuwa nakaa Kipsongo, mtaa wa mabanda wa Kitale, na mtoto mchanga. Askari wakaja kubomoa nyumba zetu. Nikamsihi mmoja, "Afande, ngoja nimtoe mtoto." Akasema, "Mama, mimi nimetumwa," akaupiga teke ukuta niliokandika kwa mikono yangu nikiwa na mimba. Mtoto nilimtoa vumbi limejaa puani. Alikohoa msimu mzima wa mvua, tumejibanza jikoni kwa shangazi. Mimi nikaacha kabisa kuomba.

Sasa ndugu zangu, nawaambia, Pasaka shangazi ananivuta kanisani, namwona nani? Yeye, yule askari wa teke! Ati ameokoka. Amepewa kuigiza yule askari wa Kirumi aliyemchoma Bwana mkuki, kisha akaamini. Akapiga magoti chini ya msalaba akilia, "Nimemwaga damu isiyo na hatia!" Kanisa zima vigelegele.

Nikasimama. "Wewe! Huyo unayemlilia ni kijana wa kwaya, hujamfanya kitu. Geuka huku!"

Mama mmoja akanivuta leso. "Keti bana, unaharibu mchezo."

"Na nyumba yangu ilikuwa mchezo?"

Akageuka. Kofia yake ya karatasi ikaanguka. Akamtazama mtoto mgongoni mwangu, maneno ya mchezo yakamwisha.

"Mama," akasema polepole, "nilimsikia akilia ndani. Nikapiga tu."



"Basi wacha kulia," nikamwambia. "Kuja ukandike."

Si mnajua kwetu mwanamume hakandiki nyumba? Alikuja. Akasimamisha miti kwenye kipande cha shamba alichonipa shangazi, akakunja suruali, akakanyaga udongo na mavi ya ng'ombe. Wanawake wakipita wanamcheka: "Afande, umeolewa lini?" "Bibi arusi, paka na kona!" Akachota udongo mwingine, akapaka. Kona ya kwanza ilikuwa mbaya, nikamrudisha. Akarudia. Hapo ndipo nilijikuta naomba, udongo mikononi.

Asante shangazi. Asante yule mama wa leso, maji ya kukandika alichota yeye.

Mtu akisimama hapa kusema ameokoka, msikimbilie makofi. Muulizeni alimbomolea nani, na kama amerudi huko. Mimi hasira haijaisha. Alama za vidole vyake ziko ukutani, na sizipaki chokaa. Mtoto wangu akikua, atazishika mwenyewe.