Breki za Gari la Sindano

Hebu niambie wewe, kitu gani kinaweza kuwapigisha magoti watu wazima watatu kwenye vumbi, kahawa yao inapoa benchini? Gari lenye urefu wa kiatu. Ndivyo nilivyowakuta Jumamosi asubuhi nje ya kibanda cha kinyozi. Gari ni la Sindano, fundi cherehani, analiendesha kwa rimoti. Misimu mitatu ameshika mkia kwenye mashindano. Jioni hiyo alikuwa anaingia fainali kwa mara ya kwanza. Na gari limeshikwa na wazimu: linakimbia vizuri, lakini akilegeza kidole tu, linakita pua chini na kupinduka.

Kinyozi tunamwita Profesa kwa kuwa hajawahi kusema "sijui". Akatangaza kwamba ni mawimbi ya mashine yake ya kunyolea. Akaizima, mteja kanyolewa nusu kichwa. Gari likapinduka vilevile.

Tani Kumi, dereva mstaafu wa malori, akasema ni upepo. Baadaye ikawa mvuto wa mwezi.

— Mzee wangu, mwezi saa tatu asubuhi? nikamuuliza.

— Wewe umesoma vitabu, mwanangu. Mimi nimesoma barabara.

Sindano hakucheka. Alishafungua magurudumu yote na kuyafunga tena.

— Najitoa, akasema. Bora waniite mwoga kuliko kichekesho.

Hapo mkewe akafika kufuata ufunguo wa nyumba. Akalitazama gari, akatutazama sisi.

— Kwani hili jana lililala wapi?

Profesa akakumbuka ghafla kwamba ana mteja. Tani Kumi akawa anakagua viatu vyake. Gari lililala kwa mzee huyo, likichajiwa, pamoja na kile kidude chenye kioo kidogo cha kupangia mwendo na breki. Sindano akakichomeka, akasoma. Breki ya kujikamata yenyewe, ile inayoshika ukiachia kidole, ilikuwa asilimia mia.

— Mimi niliiacha sifuri, Sindano akasema.

Tani Kumi akaweka kikombe chini.

— Ndiyo, niliikuta sifuri. Nikaipandisha mimi. Kijana wangu, tangu nishike usukani sijawahi kuruhusu gari litoke na breki sifuri.