Gauni Lisilopimwa

Basi lilikuwa halijatoka kituo cha soko, na fundi cherehani aliyekaa mbele yangu alishaanza kumtolea ushuhuda jirani yake, seremala asiyemjua hata kwa jina.

"Kaka, mimi kabla ya kukata kitambaa napiga magoti. Roho akiniongoza, nakata. Futi ya kupimia nilishaifungia kabatini."

Seremala akalitazama gauni jeupe la arusi lililokunjwa mapajani pa fundi. "Na hili nalo hukulipima?"

"Bibi arusi mwenyewe sijawahi kumwona, kitambaa alileta dada yake. Nikaomba siku tatu, nikapata amani moyoni, nikakata."

"Dada yangu, hata mimi ni mtu wa kanisa. Lakini mlango nisioupima haufungi, hata niukemee kwa jina la Yesu."

"Imani haba hiyo, kaka."

"Haba wapi? Aliyekupa Roho ndiye aliyekupa macho! Haya, lisipomwingia?"

Fundi hakubabaika hata kidogo. "Lisipomwingia, basi Mungu atakuwa amesema ile ndoa si yake."

Seremala akashika kichwa. Mimi nikageukia dirishani ili nisicheke.

Basi likasimama. Kituoni alisimama bibi arusi, nywele zimeshatengenezwa, mikono ameinyoosha kupokea gauni lake. Alikuwa amejaliwa mwili. Gauni lile lingemtosha mkono mmoja.

Nami, nisiyesali tangu Pasaka, nikajikuta nanong'ona: "Bwana, mwongoze huyu fundi ashukie mlango wa nyuma."