Marhoon bin Amur, Aliyekwenda Kusomea Habari

Wasikilizaji wapendwa, assalaam aleikum. Ni Hamdiya niliye nanyi, na leo nna maneno mazito ya kuwaambia. Marhoon bin Amur ametutoka. Amefariki Jumatatu nyumbani kwake Wattaya, hapa Maskati, na alasiri ile ile akazikwa. Wengi wenu mlimjua kwa sauti, maana miaka mingi alikuwa msomaji wa habari. Leo tumkumbuke kabla ya sauti hiyo. Tuikumbuke miaka sita, kuanzia 1964 hadi 1970.

Marhoon alifika Maskati mwaka 1964, kijana wa miaka kumi na minane, na dada yake Rahila, wa miaka kumi na miwili. Walitoka Unguja. Baba yao, Amur, alikuwa karani huko. Aliandika barua gazetini akawalaumu wakubwa fulani, na barua ikatoka na jina lake. Yalipotokea mapinduzi Januari ile, watu walikuja nyumbani wakamchukua. Hakurudi tena. Ami yao, Bakhit, ndugu wa Amur aliyekuwa naye Unguja, ndiye aliyewaleta watoto Maskati.

Nyumba ya Ami Bakhit ilikuwa ndani ya ukuta wa mji. Chakula kilikuwepo, nguo zilikuwepo. Gazeti halikuwepo. Bi Rahila ananambia hivi: "Hata dengu zikija zimefungwa karatasi ya gazeti, Ami akizimimina sahanini, karatasi akaitia motoni. Hasemi kitu. Na sisi hatuulizi."

Mwaka 1966 ikaja barua kutoka Cairo, mkononi mwa mfanyabiashara aliyepitia Dubai. Marhoon amekubaliwa chuo kikuu cha serikali, kusomea uandishi wa habari. Alimwambia ami yake baada ya chakula cha mchana, sahani hazijaondolewa.

"Kusoma nini?" akauliza Bakhit.

"Uandishi wa habari, Ami."

"Soma udaktari. Soma uhandisi. Kashone viatu ukitaka. Hilo, hapana."

"Nshakubaliwa."

"Gazeti ndilo lililommaliza baba yako. Na wewe unalifuata huko huko?"

Marhoon akasema: "Waliomchukua baba ni watu, Ami. Gazeti halikuja kugonga mlango."

Bakhit alinyanyuka akamzaba kofi, mbele ya Rahila. Kisha akaketi, akasema taratibu: "Ukitoka mlango ule, huna ami."

Siku ya pili yake Marhoon alitoka. Kusafiri kwenda kusoma kulitaka ruhusa ya Sultani, na ruhusa zama zile ilikuwa adimu. Hakuiomba. Alipanda gari la mizigo hadi Sohar, akavuka hadi Dubai, na hatimaye akafika Cairo.

Msidhani huko alipokewa kwa mashada, wasikilizaji wapendwa. Mwalimu wake wa kwanza aliinyanyua kazi yake darasani, imejaa wino mwekundu, akauliza, "Huyu Mwarabu wa wapi asiyejua sarufi ya lugha yake?" Darasa zima likacheka. Mwaka wa kwanza alianguka mtihani mmoja, akaurudia, akapita. Huku nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Watu walikuja kumhoji Bakhit juu ya kijana aliyetoroka. Majirani wakapunguza salamu. Posa ya Rahila ikavunjika. Barua za Marhoon zilipofika, Ami alizitia motoni bila kuzifungua.

"Nikimchukia Ami," anasema Bi Rahila. "Na kaka yangu nikimchukia pia. Wote wawili, sawasawa."

Mwaka wa mwisho, wanafunzi waliambiwa waandike habari ya mtu aliyewadhulumu, bila kulipiza kisasi. Marhoon alimwandika ami yake. Kurasa nne. Zikapata alama ya juu kuliko zote.

Mwaka 1970 nchi ilipata Sultani mpya, na waliokuwa nje wakaanza kurudi. Marhoon alirudi Novemba na shahada yake. Hakwenda kwanza kutafuta kazi. Alikwenda kwa Bakhit. Rahila ndiye aliyefungua mlango. Ami alikuwa amekaa barazani, hakuinuka wala hakunyoosha mkono.

"Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuandika, Ami. Nataka usikie niliyoyaandika kabla watu wa hapa hawajayasoma."

"Soma, uondoke."

Marhoon akasoma. Kwenye ukurasa wa tatu aliandika kwamba baba yake aliipeleka mwenyewe ile barua gazetini. Hapo Bakhit akamkatiza.

"Uongo."

"Upi, Ami?"

"Amur hakuipeleka. Siku ile alikuwa na homa. Alinambia niisome kwanza, kisha nimwambie kama ipelekwe. Niliisoma. Ikanipendeza. Mimi ndiye niliyeipeleka, kwa miguu yangu. Yeye hata hajaniambia ndiyo."

Miaka sita neno hilo lilikuwa ndani ya nyumba ile, na hakuna aliyelisikia. Marhoon alitoa kalamu.

"Niandike jina lako?"

"Si ndiyo kazi uliyokwenda kusomea? Andika jina langu. Halafu ondoka, sitaki kukuona."

Aliandika. Akaondoka. Bakhit hakumsamehe, wala hakumwomba msamaha. Aliishi miaka tisa tena, na katika miaka hiyo hakumjibu Marhoon hata salamu. Lakini kila Ijumaa Marhoon aliswali safu ya nyuma yake, na Bakhit hakuhama msikiti.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Bi Rahila, tunampa pole mjane wake, Nasriya, na watoto wao wote. Mwenyezi Mungu amrehemu Marhoon bin Amur, na ami yake pia. Nanyi mnaonisikia, kama nyumbani kwenu yupo mtu mkali ambaye kuna jambo hataki litajwe, fikirini yaliyomfika kabla hamjamhukumu. Mkipata moyo, kaeni naye. Mkamuulize angali hai.