Bwana Bundala Shilinde na Mlango wa Magharibi wa Nyumba ya Cheyo

Tarehe 30 Juni 1975 Bwana Bundala Shilinde atakabidhi funguo za kabati lake na kuaga utumishi alioufanya kwa miaka ishirini na tisa. Aliingia ofisi yetu ya biashara hapa Tabora akiwa tarishi, akapanda kuwa karani, na tangu Uhuru amekuwa mkaguzi. Wakubwa wamekuja na kuhamishwa. Yeye na baiskeli yake wamebaki.

Wengi mnamfahamu kwa kanuni yake moja: hatii sahihi jambo ambalo hakuliona kwa macho yake. Kampuni ya kigeni ikitaka kufanya biashara nchini, makaratasi yake huenda kwa Msajili, Dar es Salaam. Lakini lazima mtu athibitishe kwamba ofisi iliyotajwa ipo kweli, na kwamba yupo mkazi wa hapa aliyekubali kupokea hati za mahakama kwa niaba ya kampuni, ili siku ikishtakiwa isipotelee hewani. Kwetu mkoani mtu huyo alikuwa Bwana Bundala. Akifika mahali, kwanza huweka kiganja ukutani. Kule Nzega aliwahi kuonyeshwa rundo la matofali mabichi, akaandika katika taarifa yake: "Ofisi inakauka." Mkubwa wa wakati huo alicheka mpaka akafuta miwani, kisha akaituma vivyo hivyo.

Siku anayoulizwa zaidi, hata hivyo, ni ile ya kiangazi cha mwaka 1963. Kwa kuwa mjini inasimuliwa kwa namna nyingi, ameturuhusu tuiandike ilivyokuwa.

Asubuhi hiyo treni ya Kigoma ilimshusha mzee mrefu aliyevaa kanzu iliyofifia. Alitoka stesheni moja kwa moja hadi ofisini kwetu. Silasi, mchukuzi aliyembebea sanduku, ni shahidi wa hilo. Alijitambulisha kuwa ni Majid bin Salmini, mzaliwa wa Manyema, ng'ambo ya ziwa. Kampuni yake, Salmini na Wanawe, ilikuwa imeandikishwa Bujumbura na kuuza dagaa na mawese. Sasa alitaka inunue nta na asali Tabora. Vurugu za Kongo zilikuwa zimekwisha kumchukulia ghala na mtoto wake wa kiume. Mkubwa wetu alikuwa na shaka naye. Alisema kibali cha mzee huyo kukaa nchini kinakwisha Ijumaa, na asipokuwa na ofisi na mkazi wa kumsimamia, atarudishwa alikotoka.

Bwana Bundala alimwuliza ofisi itakuwa wapi. Mzee akajibu kuwa itakuwa Cheyo, katika nyumba ya Salmini, akaieleza bila kusita: ua wenye kisima, baraza ya mawe, na milango miwili. Wa mashariki ndio unaotumika. Wa magharibi umezibwa kwa mawe. Alipoulizwa aliiona lini mara ya mwisho, alisema hajapata kukanyaga Tabora maishani mwake.

Walikwenda pamoja alasiri. Aliyewapokea ni Ghalibu, muuza nguo, ambaye Salmini ni babu yake mzaa mama. Ghalibu alisema hamjui mgeni huyu. Babu yake aliondoka na msafara kwenda magharibi kutafuta pembe, miaka mingi kabla ya reli, asirudi tena, na hitima yake ilikwisha kusomwa. Moyoni alihisi mtu huyu amekuja kudai urithi. Na kuhusu mlango wa pili, alisema kwa uhakika kwamba haupo. Yeye amezaliwa humo.

Bwana Bundala akazunguka nyumba. Ukuta wa magharibi ulikuwa umepakwa chokaa mwanzo hadi mwisho, na jua lilikuwa likiupiga tangu mchana. Akaweka kiganja, akatembea nacho. Ukuta wote ulikuwa wa moto, isipokuwa mahali pamoja penye upana wa mlango, palipokuwa pa baridi kama mtungi. Ametuambia kwamba alitaka kuondoa mkono, na mkono ukachelewa kumtii.

Hapo sauti ya mwanamke mzee ikatoka upande wa pili wa ukuta.

"Nani anabisha?"

Hakuna aliyekuwa amebisha.

Sauti ilikuwa ya Bibi Tufaha, mama yake Ghalibu na binti wa Salmini. Walipoingia kwake, Bwana Bundala alimwamkia, akaitikiwa marahaba, akaeleza shida iliyowaleta. Bibi alimtazama Majid kwa muda mrefu. Kisha akasema mlango upo. Mama yake aliuziba baada ya hitima, kwa kuwa ndio aliotokea mumewe siku ya safari, na ukapakwa chokaa kabla Ghalibu hajazaliwa.

Akaendelea na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mwanawe. Mwaka Wabelgiji walipoingia Tabora alikuwa ameketi chumbani humo alasiri, akishona, akasikia mtu anabisha kwenye mawe yale na kumwita kwa jina. Mama yake akamziba mdomo kwa kiganja, akasoma Yasini mpaka kubisha kukakoma.

"Niliijua sauti, mwanangu," alimwambia Bwana Bundala. "Nikanyamaza."

Ghalibu alimwonya mama yake kwamba anakaribisha mtu asiyemjua. Bibi akajibu kwamba nyumba ni yake, na mtoto wa baba yake si mgeni. Ofisi ya kampuni itakuwa humo, na mahakama ikileta hati, atazipokea yeye mwenyewe.

Bwana Bundala alikuwa na hamu kubwa ya kutia sahihi na kwenda zake. Lakini mlango hakuwa ameuona. Kesho yake mafundi waliitwa, wakabandua chokaa na kuanza kutoa mawe. Upande wa nje, mawe ya usawa wa bega la mtu yalikuwa yamelika kama yaliyobishwa kwa mkono miaka mingi, laini kama jiwe la kusagia. Yote yalikuwa yamekaa chini ya chokaa miaka hiyo yote. Mafundi waliweka nyundo chini. Mawe yaliyobaki waliyatoa Bwana Bundala na Majid kwa mikono yao, na Ghalibu, baada ya kusimama pembeni kwa muda, akaja kuwasaidia.

Taarifa ilifika kwa mkubwa kabla ya Ijumaa, ikisema kwamba mlango wa magharibi upo, nao uko wazi. Bwana Bundala akalala na homa mpaka wiki ya pili.

Kibao cha kampuni kilitundikwa kando ya mlango huo, kikitaja jina lake na nchi ilikoanzishwa, kama sheria inavyotaka. Warina asali wa Igalula waliizoea nyumba hiyo, na Bibi Tufaha alishinda pale na ushoni wake mpaka alipofariki, mwaka 1967. Hati ya mahakama haikuletwa hata moja. Baada ya Azimio la Arusha biashara ya nta ilipohamia kwenye ushirika, Majid alikuja ofisini kuifunga kampuni yake kwa utaratibu.

Siku hiyo Bwana Bundala alimwuliza swali ambalo sheria haikumtaka aulize. Mlango ulizibwa baada ya Salmini kuondoka. Alijuaje?

Majid alisema kwamba mwaka ule majeshi ya Wabelgiji yalipotoka Kongo kuja Tabora, baba yake alikuwa kitandani Manyema, hawezi hata kugeuka. Alasiri moja alilala, akaamka analia. Akasema amekwenda nyumbani, amekuta mlango wake umezibwa kwa mawe, amebisha, na bintiye yumo ndani akanyamaza, basi amerudi. Alifariki jioni hiyo.

"Dada sikumwambia," alisema Majid. "Alidhani aliyebisha ni maiti. Hakujua kwamba baba alikuwa hai bado, anaomba kuingia."

Wageni wa ofisi yetu wamekuwa wakishangaa kwa nini mkaguzi wetu huinuka na kufungua mlango kabla mtu hajabisha mara ya pili. Sasa mnajua.

Bwana Bundala anakwenda Igalula, kwenye shamba na mizinga ya nyuki, pamoja na mkewe, Mama Benedikta, tunayemshukuru kwa kutuazima mume wake miaka yote hii. Ahsante kwa kazi yako, ndugu yetu. Tunakuombea afya, usingizi mwema na uzee wenye watu wengi.