Mstari wa Arobaini na Nne: Maisha ya Bibi Argia Montesi, 1887–1982

Ndugu zetu mliotoka Hallunda, Upplands Väsby na hapa hapa Vällingby, asanteni kwa kuja kumsindikiza Bibi. Mimi ni Domina, mke wa Thomas, na Thomas ni mjukuu wa marehemu. Wenyeji wa hapa hawana desturi yetu ya kusoma wasifu makaburini, na padri ameniuliza mara mbili utachukua dakika ngapi. Nimemjibu kwamba marehemu aliishi miaka tisini na mitano, kwa hiyo atuvumilie kidogo. Kiswidi kipo ukurasa wa nyuma wa ratiba. Kimeandikwa na Thomas, na ni kifupi kama maneno yake yote.

Bibi Argia alizaliwa tarehe 11 Februari 1887 katika mji wa Jesi, Italia, akiwa mtoto wa nne wa Bwana Settimio, seremala, na Bi Rosa. Mji ule ulikuwa na viwanda vya hariri, na dada zake wawili waliingia kiwandani wangali watoto. Yeye aliponea chupuchupu. Mama yake alimkuta akiwasomea majirani kipande cha gazeti kilichokuwa kimefungia samaki, akasema huyu aende shule. Nilipomwuliza gazeti lilikuwa na habari gani, alisema habari amezisahau ila harufu anaikumbuka.

Alisoma shule ya msingi Jesi, kisha chuo cha ualimu mjini Ancona, akahitimu Julai 1905. Oktoba mwaka huo alianza kufundisha wasichana darasa la kwanza. Mwaka uliofuata, wanawake wa sehemu nyingi za Italia walikuwa wakikusanya majina ya kuliomba bunge liwape wanawake haki ya kupiga kura. Mwalimu Argia, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, aliomba karatasi naye akaanza kuzunguka kwa wanawake wa viwandani.

Alikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo ndio uliomponza. Wengine walikubali msalaba kwa asiyejua kuandika, au mume aandike kwa niaba. Bibi alikataa. Kila mwanamke aliandika jina lake kwa mkono wake, na asiyejua alifundishwa kwanza, Jumapili baada ya misa, kwenye meza ya seremala. Wenzake walirudi na mamia ya majina. Yeye alipata arobaini na matatu, na karatasi yake ilifika Roma mzigo wa majina ulipokwisha kupelekwa bungeni. Ilirudishwa kwa posta ikiwa na neno moja juu: imechelewa. Wanawake wale walikasirika sana, na wengine hawakumsalimia tena.

Tarehe 20 Aprili 1912 alifunga ndoa na Bwana Oreste, mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji. Walijaliwa mtoto mmoja, Lidia, ambaye ni mama mkwe wangu. Mwaka 1925 wafuasi wa utawala mpya walivunja kile kiwanda, na familia ikakimbilia Lyon, Ufaransa, ambako Bibi alishona na kufundisha watoto wa wahamiaji. Hapo ndipo mkosi wake ulipokolea. Wanawake wa Ufaransa walipoanza kupiga kura, yeye alikuwa mgeni. Wanawake wa Italia walipoanza, mwaka 1946, yeye alikuwa Lyon akimuuguza mumewe. Bwana Oreste alifariki mwaka 1949, na Bibi akamfuata Lidia huku Stockholm. Alihamia Vällingby mwaka 1954, nyumba zikinuka rangi bado.

Nilifika kwao Mei 1978, nikitokea Bukoba. Mimi ni mdadisi, hilo hata nyumbani walinisema. Wiki ya kwanza tu nililiona kopo la biskuti juu ya kabati lake, na ndani yake ile karatasi ya majina. Niliyahesabu: arobaini na matatu. Mstari wa arobaini na nne ulikuwa umepigwa rula, mtupu. La kwake halikuwamo. Nikamwuliza, "Bibi, lako liko wapi?" Bibi alikuwa ameokota neno moja la Kiswahili kwenye simu zangu za nyumbani, na alilipenda kupita kiasi. Alinitazama akasema, "Bado." Miaka minne niliuliza, miaka minne nikajibiwa hivyo hivyo.

Kura ya kwanza ya maisha yake aliipiga Septemba 1976, wageni waishio huku waliporuhusiwa kuchagua madiwani. Alikuwa na miaka themanini na tisa na alivaa kofia mpya. Mwaka 1979 alivunjika nyonga wiki ya uchaguzi, akakosa, na alinuna mpaka Krismasi. Mwaka huu aliapa hatakosa mara ya pili. Lakini tarehe 2 Septemba moyo ulimshinda, akalazwa.

Mgonjwa anaruhusiwa kutuma kura kwa mtu wake. Anaifunga mwenyewe mbele ya shahidi, na juu ya bahasha anatia saini. Jumapili tarehe 19, siku ya uchaguzi, nilifika wodini na bahasha tatu. Aliniuliza kama mimi nimepiga yangu. Nikasema nitaona. "Nenda kwanza kapige," akasema, "sitaki tarishi mvivu." Ikabidi nirudi Vällingby, nipige, nipande tena treni. Nilirudi saa nane mchana.

Mikono yake ilikuwa inatetemeka vibaya. Bahasha ya kwanza ilitoboka. Ya pili ikawa madoa matupu. Dada yetu Norah, Mganda mnayemfahamu wengi, anayefanya kazi kwenye wodi ile, ndiye aliyekuwa shahidi. Akaniambia, "Mwambie jajja aweke ka-msalaba tu. Mimi si niko hapa? Nitashuhudia."

Nilipomtafsiria, Bibi alikasirika. "Nilimkatalia Nunziata," akasema, "halafu nijiruhusu mimi?"

Nunziata ni nani? Hapo ndipo nilipojua. Nunziata alikuwa mfanyakazi wa hariri, jina la arobaini na tatu. Vidole vyake vilikuwa vimechanika kwa kutumbukizwa kwenye maji ya moto kutwa, na kalamu haikushikika. Karatasi ilitakiwa posta, na Nunziata alikuwa amefikia herufi ya nne. Mwalimu Argia akamsubiri Jumapili mbili. Watu walipouliza kwa nini wamechelewa, hakumtaja. Jina lake mwenyewe alilibakiza liwe la mwisho, akaituma karatasi kwa haraka kabla hajaliandika, na iliporudi hakuona sababu ya kuliandika. Nilimwuliza kama alijuta. Akasema kwamba miaka sabini na sita amekuwa akijiuliza hilo hilo, na hajui.

Akaomba kopo lake la biskuti, alilokuja nalo hospitalini. Akatufukuza, mimi na Norah, tukanywe kahawa. Nilikaa kule nikitazama saa, roho juu, maana vituo vilifungwa saa mbili usiku na nilijua anavyopenda kusubiri. Saa moja kasorobo alituita. Kura ilifungwa mbele yetu, akaivuta bahasha ya tatu na kuandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine, bila kusimama. Sikuaga. Nilikimbia mpaka treni, na Vällingby nikakimbia tena. Karani aliipokea, akaikagua, akaniambia asante. Nilipiga simu wodini, Norah akampelekea habari. Bibi aliuliza jambo moja tu: saa ngapi? Norah akamwambia, saa mbili kasoro dakika nane. Akasema, "Vizuri," akalala.

Alifariki Alhamisi, tarehe 23 Septemba 1982, saa nne asubuhi, Lidia akiwa amemshika mkono.

Ameacha binti mmoja, Lidia. Mjukuu mmoja, Thomas. Mimi mkwe wake. Na kitukuu, Getrude, mwenye miaka mitatu.

Tulipokusanya vitu vyake wodini, nililifungua kopo. Mstari wa arobaini na nne haukuwa mtupu tena. Tulipokuwa kwenye kahawa alikuwa akijifunzia pale, na jina lake limepinda kuliko la Nunziata. Karatasi hiyo iko mezani, kando ya kitabu cha rambirambi. Nawaomba leo mtu asiseme "niandikie na mimi," kama tulivyozoea. Kila mmoja aandike lake, polepole, tutasubiri.

Lala kwa amani, Bibi yetu. Safari hii hukuchelewa.